Nilivyompeleka Bibi Yangu Kupumzika

Tangu turudi, sijavuka uwanja wa kanisa hata Jumapili moja bila mtu kunishika mkono wa shati. "Mwalimu, eti mulienda Tanzania kunawa tu?" Wengine wanauliza kwa wema, wengine wanauliza huku wameshaanza kucheka. Wanawake wa sokoni nao wamemuuliza Mama Sifa mpaka wamechoka, na yeye huwajibu, "Muulize bwana yangu, yeye njo anajua kusema." Basi naandika mara moja, msome, halafu mnipishe nifike nyumbani kabla chakula hakijapoa. Mambo ya makaratasi na foleni za ofisi sitayaandika. Mnayajua, na hayajawahi kumfurahisha mtu.

KASONGO

Nilimwoa miaka thelathini na moja iliyopita. Wakati ule aliitwa Feza tu, Sifa alikuwa bado hajazaliwa. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, na darasani kwangu kulikuwa na kalenda kuukuu ya mapadri yenye picha ya mchanga mweupe, maji ya buluu, na mwanamke aliyelala juu ya kiti kirefu cha kitambaa. Hakuwa na mtoto mgongoni wala jembe mkononi. Feza alikuja kunitembelea, akaitazama ile picha kwa muda.

"Huyu mama iko nafanya nini pale?"

"Iko mu konji," nilimjibu. Konji kwetu ndiyo likizo. "Nawe nitakupeleka."

Kijana anayetafuta mke huahidi hata mwezi. Baada ya hapo walikuja watoto, ikaja vita, tukakimbia porini, tukarudi, tukajenga upya, wakaja watoto wengine. Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, tulimwoza kitinda mimba. Wageni hawajamaliza kuondoka, Mama Sifa akatoa begi lake chini ya kitanda, akalipangusa vumbi.

"Baba Sifa, watoto wameisha. Ile konji yangu iko wapi?"

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania.

Tukaanza kupanga. Nilikwenda shuleni, nikasimama mbele ya ramani ya ukutani na kijiti, kama mbele ya darasa, naye amekaa kwenye dawati. Jirani yetu fundi cherehani alipita dirishani, akasikia tunatafuta nchi ya joto yenye mchanga na maji. "Wazungu wanatafuta joto sababu kwao iko baridi," alisema. "Weye, joto ya Kasongo imekukosea nini? Muende Nyangwe, mchanga iko, Lualaba iko, jioni murudi."

Mama Sifa alikataa. Nyangwe amekwenda kununua samaki tangu msichana. "Nikifika pale, nitashika kazi. Nataka mahali hakuna mutu ananijua."

Mimi, kwa ujanja wangu wa kimwalimu, nikaelewa kwamba anataka kuona mila za watu wengine. Nikamweleza habari za Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, ambako wazee wetu wa Maniema walikwenda zamani na wengi hawakurudi. Nikaeleza sana. Alinisikiliza kwa adabu, akakubali.

Usiku wa kuamkia safari nilipaka nywele zangu dawa nyeusi. Nilitaka niingie nchi ya watu nikiwa na sura. Yeye zake nyeupe alizifunga kitambaa, akaniangalia kwenye kioo, akaligusa begi lake, akasema polepole: "Baba Sifa, nikifungua hii sakoshi hapa Kasongo bila kufika, sitakuomba tena kitu."

Mnamjua mke wangu. Si mtu wa kelele. Akisema neno kwa sauti ya chini, limekwisha. Na mimi nimeona nyumba ambazo mwanamke ameacha kuomba. Anapika, anafagia, anaitika, lakini humo ndani ameshahama. Niliogopa, nawaambia kweli.

BARABARA YA KABAMBARE

Tulichukua pikipiki mbili, mmoja kila moja, na mabegi mbele ya madereva. Barabara ile naijua kama kiganja changu, lakini niliijua kwa mwendo wa baiskeli. Wiki moja baada ya harusi nilimpeleka Feza kwetu Kabambare kwa baiskeli, yeye amekaa nyuma, sufuria mapajani na kuku chini ya kwapa. Kila mlima alishuka, tukasukuma pamoja, na kila mteremko alinishika kiuno akipiga kelele za furaha. Tulilala njiani mara mbili, kwa watu tusiowajua, wakatupatia wali na maharagwe. Hakuna aliyetuuliza tunatoka wapi mpaka tulipomaliza kula.

Sasa vijana wanaotoka machimbo ya Salamabila wanatupita na mizigo yao, honi moja na vumbi la kukutosha siku nzima. Mitende niliyoikumbuka mifupi imekuwa mirefu. Mahali tulipolala mara ya kwanza pamebaki msingi wa nyumba na mpapai. Niliomba dereva asimame. Mama Sifa naye akasimamisha wake, akashuka kwa shida kwa sababu ya goti lake, akaja kusimama karibu yangu.

"Yule mama alitupatia shuka yake," alisema.

"Ndiyo."

"Yeye alilala bila shuka."

Mimi hilo sikulijua. Tukapanda tena. Moyo ulinijaa, nikashukuru kwamba vumbi lilikuwa jingi na kila mtu macho yake yalikuwa mekundu.

Saa za mchana jasho lilianza kuteremka, na ile dawa ya nywele ikateremka nalo. Tulipokula karanga za kuchemsha na muhogo kwa mama mmoja wa kando ya njia, mama yule aliniangalia shingoni akauliza kama nimeumia. Kola yangu yote ilikuwa nyeusi. Mama Sifa alicheka mpaka karanga zikamwagika.

KABAMBARE: NANI AMEKUFA?

Hapa ndipo pa kucheka, au pa kulia, sijui.

Tulifika kwa mdogo wangu Amisi saa za jioni, tukiwa na nia ya kulala siku moja. Amisi alituona tukishuka, sisi wawili, wazee, vumbi mwilini, mabegi makubwa, bila habari ya kutangulia. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yaya, kaka yangu! Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa."

"Usinifiche. Ni Sifa?"

"Sifa iko muzima. Sisi tuko mu konji. Tunaenda kupumzika kando ya maji."

Mdogo wangu alinitazama kwa huruma kubwa. Kwetu mtu hasafiri na mkewe njia yote ile bure. Anasafiri kwa msiba, kwa ndoa, kwa ugonjwa au kwa kukimbia. Mwenye konji hubaki nyumbani akalima. Niliporudia maneno ya kupumzika kando ya maji, Amisi aliinama, akanishika bega. "Sawa, Yaya. Utasema moyo ikitulia."

Asubuhi walianza kuja. Wajomba, mashangazi, watu wa kanisa, majirani Waislamu wa upande wa pili. Waliingia kimya, wakakaa kwenye mikeka, wakaniangalia. Kila nilivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kuamini kwamba jambo ni zito. Shangazi mmoja alianza kulia taratibu bila kujua anamlilia nani. Nikamwambia, "Shangazi, hakuna msiba." Akajibu, "Ndiyo, baba, jikaze hivyo hivyo."

Sasa mnajua watu wakikusanyika lazima wale. Na mnajua mke wa kaka mkubwa anapofika kwa wakwe zake, mahali pake ni jikoni. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemzuia pia. Kwa siku tatu Mama Sifa alitwanga majani ya muhogo ya sombe, akasonga ugali wa muhogo, akapika wali kwa masufuria yaliyoazimwa nyumba tatu, kwa ajili ya matanga ya mtu ambaye hakuwepo. Mimi nilikaa kwenye kiti mbele ya nyumba nikipokea pole.

Siku ya pili nilikwenda kuiona nyumba yetu ya kwanza, karibu na shule niliyohamishiwa baada ya harusi. Ukuta mmoja bado umesimama, na juu yake kuna alama za kidole ambazo Feza alichora kwenye udongo mbichi alipokuwa akiusiliba, akiwa na mimba ya Sifa. Niligusa zile alama, nikakimbia kumwita aje aone. Nilimkuta amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, goti limevimba, anachambua mchele.

"Nitaona siku ingine," alisema. "Watu wako na njaa."

Siku ya tatu simu ya Amisi ilishika mtandao, tukampata Sifa mwenyewe, akasema na kila mtu kwamba yu hai na ndugu zake wote wazima. Ndipo wakaamini. Wakakasirika pia. Shangazi aliyelia aliniambia nimechezea machozi yake, akavaa viatu vyake akaenda.

MTO LUAMA NA NJIA YA KALEMIE

Kwenye kivuko cha Luama tulingoja mtumbwi pamoja na mchimba dhahabu aliyetoka Salamabila, mtu wa Bukavu, anarudi kwao na redio kubwa shingoni. Alitugawia mahindi ya kuchoma, akauliza tunakokwenda. Nilipomweleza, alicheka.

"Mwalimu, miye niko mu maji mpaka kiuno kila siku tangu miaka minne. Nyinyi munatoka mbali kuyatafuta?"

Mama Sifa hakucheka. Alikuwa ametazama upande wa maji tangu tufike. Baadaye, kwenye mtumbwi, aliniambia bila kugeuka: "Baba Sifa, kama nitapika kwa kila nyumba ya njia, hii iko safari ao iko kazi?"

Nilianza kumweleza kwamba Amisi ni ndugu, kwamba desturi ni desturi. Akasema, "Sikukuuliza desturi." Tukashuka ng'ambo, na kutoka pale mpaka Kalemie, siku mbili za pikipiki na moja juu ya mizigo ya kamio, ndiyo lori, hakuniuliza kitu kingine. Alijibu kila nililosema, kwa adabu. Hakuomba hata tusimame goti lake lilipokuwa linamuuma. Nililiona goti, nikajua kwamba ninampoteza njiani, na begi bado halijafunguliwa.

KIGOMA: BICHI HAPANA

Chombo kilichelewa Kalemie siku nzima kwa sababu injini ilikuwa haitaki kuamka, lakini ziwa lilikuwa tulivu na tulivuka salama. Tulitua Kigoma asubuhi, kati ya magunia, wabebaji na watu wa kelele. Nilimwendea mwenye pikipiki, nikampa Kiswahili changu chote.

"Tupeleke plaji."

"Wapi, mzee?"

"Plaji. Tumetoka mbali sababu ya plaji."

Kijana alifikiri. Uso ukamng'aa. "Aah, bichi! Mnataka bichi!"

"Hapana!" nilisema kwa ukali. "Bichi tumetoka sasa hivi!"

Nyinyi mnaelewa, kwetu ufuo wa kupumzika ni plaji, na bichi ni bandari, ni pale mizigo inaposhuka na watu wanapogombana. Nimsafirishe mke wangu njia yote ile nimpeleke tena bichi? Yule kijana alituzungusha mjini, kila akijaribu, "Mzee, bichi nzuri ipo," nami nikizidi kukataa. Mwisho alichoka, akatushusha Ujiji kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja, akasema labda yeye ataelewa tunachotaka.

UJIJI

Mama huyo aliitwa Mwanaidi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mchangamfu, mikono haitulii. Aliposikia tumetoka Kasongo alipiga makofi. "Jamani, sisi Wamanyema! Babu yake mama alitoka huko kwenu!" Akanikumbatia, mgeni, kama ndugu. Kisha akamgeukia Mama Sifa, aliyekuwa amekaa juu ya begi akilishika goti.

"Na huyu je?"

Nikasema kwa fahari, maana nimesafiri naye: "Huyu njo bibi yangu."

Mwanaidi alipiga magoti pale pale. "Shikamoo bibi! Maskini, mmemleta bibi njia yote hiyo!"

Kwetu bibi ni mke. Kwao bibi ni nyanya, mama wa mama yako. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote na nililijua hilo kutoka kwenye vitabu, lakini ulimi haukukumbuka. Kabla sijafungua kinywa tena, mke wangu alikuwa ameshainuliwa, ameshikwa mikono yote miwili, amekalishwa kwenye kiti chenye mito. Alipelekewa maji ya moto ya kuoga. Goti lilikandwa kwa mafuta ya mawese. Mabegi yetu yaligawanywa, langu chumba cha nyuma, lake chumba cha mbele. "Bibi atalala karibu na mimi," Mwanaidi alisema, "asije akajikwaa."

Mezani ilikuja migebuka ya kukaanga, ugali na mchicha. Mama Sifa aliinuka kushika sahani, kama kawaida yake. Mwanaidi akamrudisha kitini. "Bibi, kaa! Mjukuu wako ana mikono, atajitwalia mwenyewe."

Mjukuu ni mimi.

Mwanaidi alipokwenda jikoni niliinama. "Mama Sifa, lazima nimwambie. Hii ni haya."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba uko muke yangu."

Alinitolea macho, na kwa mara ya kwanza tangu Luama sauti yake ilikuwa na chumvi. "Baba Sifa, ukifungua kinywa, nitakurudisha Kasongo na mikono yangu miwili. Tangu nizaliwe hakuna mutu alinichotea maji. Uniache niwe bibi."

Nikajitwalia ugali mwenyewe. Nililala chumba cha nyuma peke yangu, na sikulala. Si kwa haya ya neno. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba Mwanaidi hakushangaa. Mwenye pikipiki, aliyekuwa bado pale mlangoni, hakushangaa. Majirani waliokuja kuamkia hakuna aliyeshangaa. Mimi nina miaka hamsini na nane, yeye hamsini na tano, na walitutazama wote wawili, wakaona mtu na nyanya yake. Lawama nikaitupia dawa ya nywele, nikalitupia na goti. Mpaka jogoo wanawika nilikuwa nimemaliza vitu vya kulaumu.

Siku iliyofuata Mwanaidi mwenyewe aliuliza tulikuja kuona nini, na Mama Sifa akajibu kwa maneno mepesi: "Mchanga iko kando ya maji." Kumbe palikuwa mwendo mfupi tu. Mwanaidi alibeba kiti cha plastiki kichwani, akakiweka pale maji yanapofika na kurudi. Wavuvi walikuwa wameanika dagaa, ndakala zetu, na harufu ilikuwa ile ile ya soko la Kasongo. Ng'ambo ilionekana milima ya kwetu, hafifu. Mama Sifa alivua viatu, akatia miguu majini, akaegemea.

Nilisimama pembeni yake. Nilingoja. Baadaye nilimuuliza anawaza nini, maana uvumilivu si kipaji changu.

"Siwazi kitu."

"Kitu chochote?"

"Hakuna, Baba Sifa. Siwazi nani atakula, siwazi nani anaumwa. Ni hii nilikuwa nakuomba."

Nami miaka yote nilidhani anaomba maji.

Tulikwenda pale kila siku kwa siku tano. Siku ya kuondoka nilimwambia Mwanaidi ukweli. Alijifunika mdomo kwa upande wa kanga, akamtazama mke wangu, kisha akanitazama mimi, muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mkeo? Sasa baba, mbona umemzeesha hivi?"

Alisema kwa utani, lakini hakuna aliyecheka. Mama Sifa ndiye aliyeniokoa. "Tulizeeka pamoja," alisema. "Isipokuwa yeye anapaka rangi." Hapo Mwanaidi akacheka, wakakumbatiana, wakalia. Mimi nilibeba mabegi yote mawili mpaka kwenye pikipiki. Nilitaka tu nipate kazi ya kufanya.

KASONGO TENA

Safari ya kurudi haina mengi. Kabambare tulilala kwa mtu tusiyemjua, nje kidogo ya mji, na tukapita mapema. Amisi akisoma haya anisamehe.

Tulifika nyumbani jioni. Alfajiri niliamka nikaona kitanda kitupu upande wake. Nilidhani ameshakwenda kuchota maji, kwamba yote yamekwisha na tumerudi kule kule. Nilitoka nje mbio, bila viatu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti changu mbele ya nyumba, miguu ameinyoosha. Ndoo ilikuwa pembeni, tupu. Begi lake lilikuwa wazi miguuni, nguo hajazitoa. Alinitazama.

"Baba Sifa, naomba chai."

Niliingia jikoni. Moto niliuwasha baada ya kuhangaika, maji nikayatia. Halafu nikasimama katikati ya jikoni ile, mimi mwalimu, na sikujua sukari inakaa wapi. Ningeweza kumuuliza, alikuwa hatua kumi tu. Sikumuuliza. Nilifungua kopo moja baada ya jingine mpaka nikaipata.